Bomu la Nyuklia Likizima Stima Nchi Nzima, Tochi Yako Bado Itawaka? Rada Iko Hivi

Kuna ile sini iko kwa muvi nyingi za mwisho wa dunia. Bomu linalipuka juu kabisa angani, na mara moja kila kitu kinazima. Magari yanasimama barabarani, simu zinadedi, mtaa mzima ni giza. Akta anatoa tochi mfukoni, anaigonga kwa kiganja mara mbili tatu. Wapi!

Wasee wamebishana juu ya hii kitu miaka mingi: hiyo tochi ingezima kweli?

Jibu fupi ni hapana, uwezekano mkubwa ingewaka tu. Tochi ni kati ya vitu vigumu sana kuua kwa njia hiyo. Shida yako ingekuwa mahali pengine, na tutafika huko.

EMP ni nini hasa?

EMP ni mpigo wa sumakuumeme. Bomu la nyuklia likilipuliwa juu sana, zaidi ya kilomita 30 kutoka ardhini, miale yake inagonga hewa na kurusha elektroni kwa kasi ya ajabu. Hizo elektroni zikipinda kwa sababu ya usumaku wa dunia, zinatoa mpigo mkali wa nguvu unaoshuka chini.

Mpigo huo unakuja kwa awamu tatu. Ya kwanza ni ya haraka mno, inaisha kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na inaweza kufika volti 50,000 kwa kila mita. Hii ndiyo inayochoma chipu. Ya pili inafanana na radi. Ya tatu ni ya polepole, inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kazi yake ni kuingia kwa laini ndefu za stima na kuchoma transfoma kubwa.

Shika hapo kwa "kila mita", kwa sababu siri yote iko hapo.

Usiku Honolulu ilishtuka

Hii si hadithi ya muvi. Usiku wa tarehe 8 Julai 1962, saa tano hivi kwa saa za Hawaii, Marekani ililipua bomu la megatoni 1.4 juu ya Bahari ya Pasifiki, kilomita 400 angani. Jaribio hilo liliitwa Starfish Prime.

Mji wa Honolulu ulikuwa takriban kilomita 1,450 kutoka hapo. Chukua safari ya Nairobi hadi Mombasa, izidishe mara 3. Bado, taa za barabarani kama 300 zilizima, ving'ora vya wezi vikaanza kulia vyenyewe, na mawasiliano ya simu kati ya visiwa yakapata shida.

Lakini cheki hapa: taa nyingi za mji ziliendelea kuwaka. Na zile zilizozima, balbu hazikuwa zimepasuka. Fyuzi ndizo zilichomeka, kwa sababu taa hizo zilikuwa zimeungwa pamoja kwa waya mrefu.

Miezi 3 baadaye, tarehe 22 Oktoba 1962, Wasovieti walilipua bomu lao la kilotoni 300 juu ya Kazakhstan. Laini ya simu ya urefu wa kilomita 570 ilikula hiyo nguvu, fyuzi zikachomeka. Ni stori ileile, waya mrefu ndio unaumia.

Mwaka wa 1963, mwaka uleule Kenya ilipata uhuru, mataifa hayo yalitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani na angani.

Kwa nini tochi inapona

Waya ni kama mtego wa kuvua hiyo nguvu. Ukiwa mrefu, unavua nyingi. Laini ya stima ya kilomita mia inavua nguvu ya kutisha. Tochi yako nayo ina waya wa sentimita chache tu. Inavua kidogo sana, tena kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Tume ya Marekani iliyochunguza EMP ilipima magari 37 kwenye mashine za kuiga mpigo huo, na ripoti yake ikatoka 2008. Magari yaliyokuwa yamezimwa hayakupata shida. Kwa yale yaliyokuwa yakinguruma, 3 yalizima injini na yangewashwa tena. Sasa kama gari, na waya zake zote, linaweza kupona, tochi je?

Tochi zote si sawa lakini

1. Ya balbu ya kizamani. Ile ya mathe, betri mbili kubwa na balbu yenye uzi ndani. Haina chipu yoyote. Hii ndiyo mfalme.

2. LED ya kawaida ya mtaani. LED chache, swichi na betri. Nafasi yake ya kupona ni nzuri sana.

3. LED ya kisasa. Ina modi tano, inamweka, ina tundu la USB. Ndani kuna chipu, kwa hivyo hatari inapanda kidogo. Ikiwa na mwili wa chuma, huo mwili unaikinga.

4. Ya kuchaji kwa soketi. Ikiwa imechomekwa ukutani wakati huo, pole. Imeungwa na laini yote ya stima ya mtaa, na nguvu itaingia moja kwa moja. Ikiwa nje ya soketi, ni kama zile zingine.

5. Taa ya sola. Waya unaotoka kwa paa hadi ndani ya keja una mita kadhaa. Huo ni mtego. Ukiwa umechomolewa, taa yenyewe iko sawa.

6. Mulika mwizi. Hiyo kabambe inaweza kupona na tochi yake iwake vizuri. Netiweki ndiyo hutaiona.

Ukitaka kuwa na uhakika zaidi

Tafuta mkebe wa chuma wenye kifuniko, kama ule wa biskuti za Krismasi. Funga tochi kwa kitambaa au karatasi ngumu isiguse chuma, iweke ndani, halafu ziba mdomo wa mkebe kwa foili isiwe na mwanya. Betri ziweke kando, si ndani ya tochi, kwa sababu zikivuja zitaiharibu kabla hata bomu halijafikiriwa. Betri kavu zenyewe haziogopi EMP.

Sasa, tochi imewaka. Halafu?

Hapa ndipo muvi zinatudanganya. Zinatuonyesha vitu vidogo vikifa, na kumbe vikubwa ndivyo vinakufa. Transfoma kubwa za stima hutengenezwa kwa oda, na kupata nyingine kunaweza kuchukua mwaka mzima. Bila stima, pampu za maji zinasimama. Petroli iko chini ya ardhi lakini hakuna wa kuipandisha. Pesa iko kwa simu lakini hakuna netiweki ya kuituma.

Utakuwa umesimama kwa mlango na tochi inayowaka poa kabisa, ukimulika mtungi usio na maji.

Kwa hivyo usipoteze usingizi juu ya tochi. Weka betri za akiba, jaza mitungi, na uwe na cash kidogo kwa keja. Hata bomu lisipokuja, na tuombe lisije, hiyo mipango itakusaidia stima ikipotea siku tatu kwa sababu ya mvua tu.

Na wewe, ukizimiwa stima leo usiku, una betri kwa nyumba ama utaanza kuzitoa kwa rimoti?