Usakaji Hitilafu: Kufuata Unyayo Ndani ya Seva

Simu ya Android iliyowekwa Kiswahili ina mahali, kwenye chaguo za wasanidi programu, palipotumika neno utatuzi. Watafsiri walihitaji neno la kazi ya kufukua makosa ndani ya programu, wakachukua utatuzi. Ni neno zuri, lakini darasani limenisumbua kwa jambo moja: linataja mwisho wa kazi na kuruka mwanzo wake. Mwanagenzi wa skripti za seva akisikia utatuzi, anakimbilia kutatua. Anabadilisha mstari huu, anafuta ule, anazima kompyuta na kuiwasha, na bado hajui kilichoharibika ni kipi.

Ndiyo maana mimi husema usakaji hitilafu. Hitilafu si kosa tu. Ni tofauti pia. Watu wawili wakihitilafiana, si lazima mmoja awe mkosaji. Programu nayo ndivyo ilivyo: kuna ulichokitarajia na kuna kilichotokea, na hitilafu imekaa katikati. Asiyeweza kusema alitarajia nini hana cha kusaka.

Kusaka kwenyewe, watu wa wilaya za Tarime na Serengeti wanakujua kuliko mimi. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa na watu hufuata unyayo. Unyayo ukiingia kijiji fulani, kwa desturi kijiji hicho hutakiwa kuonyesha ulipotokea kuendelea mbele, na kikishindwa hudaiwa ng'ombe hao. Kulipisha kijiji kizima kumewaumiza wengi wasio na hatia, na hilo silitetei. Ninachokichukua ni ule mpangilio wa maswali: unyayo umeingia hapa? Umetoka? Kama umetoka, hapa tumemaliza, twende mbele.

Ombi la ukurasa wa wavuti nalo hupita vijiji. Hutoka kwenye kivinjari, likapita mtandaoni, likaingia seva, seva ikaita skripti, na skripti mara nyingi ikaenda kuuliza hifadhidata. Kisha jibu hurudi kwa njia ileile. Kila kituo kiulizwe kwa zamu.

Hitilafu ya siku ya kwanza karibu kila mara ni hii: mwanafunzi ameandika skripti yake ya PHP, ameibofya mara mbili kwenye folda, na kivinjari kinamwonyesha msimbo mtupu. Atazame juu, kwenye anwani. Ikiwa imeanza na file badala ya http, ombi halijafika seva kabisa. Unyayo haujatoka hata zizini. Kivinjari hakijui kutekeleza PHP. Hiyo ni kazi ya seva, na seva haikuulizwa.

Inayotisha zaidi ni ukurasa mweupe: hakuna neno, hakuna picha. Wengi hudhani seva imekufa. Kumbe seva nyingi zilizo kazini huwa zimezuiwa kuonyesha makosa mbele ya wageni, kwa sababu ujumbe wa kosa unaweza kufichua siri za mfumo. Kosa huandikwa pembeni, kwenye faili. Kwenye Ubuntu yenye Apache, kwa kawaida utalikuta /var/log/apache2/error.log.

Faili hilo mafundi huliita logi. Mimi hupenda neno la mabaharia, batli, yaani kitabu ambamo nahodha huandika yaliyojiri safarini. Batli ya seva ni hivyohivyo: saa, tukio, mahali. Sisemi logi ifutwe, imeshazoeleka. Ila batli humwambia mwanafunzi papo hapo kwamba hiki ni kitabu cha kusomwa.

Na kisomwe kwa makini. Batli ikisema kosa liko mstari wa 15, mara nyingi nukta mkato imesahauliwa mwishoni mwa mstari wa 14. Seva ilivumilia, ikisubiri sentensi ifungwe, ikashtuka ilipokutana na neno jipya. Mstari uliotajwa ni pale unyayo ulipopotea. Rudi nyuma hatua moja.

Mjini Mugumu, wilayani Serengeti, niliketi na kijana aliyekuwa akitengeneza tovuti ya nyumba ya wageni, kwa ajili ya watalii wanaoingia Hifadhi ya Serengeti kwa lango la Ikoma. Kwenye kompyuta yake ya Windows kila kitu kilikaa sawa. Alipoihamishia kwenye seva ya kukodi, picha za vyumba zikatoweka, na mahali pa picha vikabaki visanduku vitupu.

"Mwalimu, nimeshazipakia mara tatu," aliniambia. "Bando linaniishia."

Nikamwomba asipakie ya nne. Tukafungua batli ya maombi, ile inayoandika kila ombi lililofika, na mstari wa mwisho ulionyesha kwamba kivinjari kimeomba chumba1.jpg na seva imejibu 404, yaani faili halikupatikana. Basi ombi limefika, na jibu limetoka. Mtandao hauna kesi, na seva iko hai. Kilichobaki ni folda. Tukaifungua: Chumba1.JPG.

Windows haijali herufi kubwa wala ndogo katika majina ya mafaili. Linux, inayoendesha seva nyingi za kukodi, inajali. Kwake hayo ni majina mawili tofauti. Hapo ndipo neno hitilafu lilipomwingia, kwa maana yake ya tofauti. Akabadilisha jina la faili moja, akafungua ukurasa upya, na kitanda chenye chandarua cheupe kikatokea kwenye kioo. Vyumba vingine vilikuwa sita. Aliendelea mwenyewe.