Komanda: Masoko ya Ituri ni ya zamani kuliko barabara, na kila mara yamerudi

Mtu anayetoka Bunia kwa barabara ya kitaifa namba 27 anasafiri kilometa 75 hivi mpaka njia panda ya Komanda, katika usultani wa Basili, teritwari ya Irumu. Hapo anakuta barabara namba 4. Upande mmoja inaenda Mambasa na Kisangani, upande mwingine inashuka Luna, Eringeti na Beni. Wengi wanafikiri soko la Komanda lilizaliwa na barabara hizo. Lakini biashara ya eneo hili ni ya zamani kuliko lami, kuliko Wabelji, na kuliko bendera yoyote iliyowahi kupandishwa Ituri.

Sababu inaonekana kwa macho. Magharibi ya Komanda kuna msitu mkubwa. Mashariki kuna nyanda za majani, na mbele zaidi, chini ya milima, kuna Ziwa Albert. Msitu una nyama, asali na ndizi, lakini hauna chumvi wala ng'ombe. Nyanda zina maziwa na nafaka. Ziwa lina samaki. Kila upande unakosa kitu ambacho jirani anacho, na kwa hiyo watu walilazimika kukutana.

Msituni, Wambuti walipeleka nyama na asali kwa Walese na Wabira, na wao wakapewa ndizi, visu na vyuma vya mishale. Hapakuwa na franga wala meza ya kupangia vitu. Familia ya kijijini na familia ya wawindaji zilijuana toka kwa mababu, na mtoto alirithi urafiki huo pamoja na madeni yake. Mtu aliyedanganya leo alijua kwamba kesho atamhitaji yuleyule.

Chumvi ilitoka mbali zaidi. Kibiro, upande wa Uganda wa Ziwa Albert, wanawake wameichemsha kutoka kwenye udongo kwa miaka zaidi ya 700, na kazi hiyo wamerithishana mama kwa binti. Mitumbwi iliivusha mpaka ng'ambo hii. Chumvi nyingine ilitoka Katwe, kusini. Mzigo mdogo wa chumvi ulipita mikono mingi kabla ya kuingia kwenye chungu cha mama mmoja msituni.

Katika miaka ya 1880 wakaja wafanyabiashara wa Kiswahili na Wamanyema kutoka upande wa Kisangani, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Biashara yao ilikuwa na bunduki ndani yake, na vijiji vingi viliungua. Mwaka 1887 msafara wa Stanley ulipita msitu huu ukielekea ziwani. Watu wake, wakiwa wanakufa njaa, waliuza bunduki na risasi zao kwa Wamanyema wa Ipoto ili wapate mahindi tu. Hivyo ndivyo bei inavyokuwa wakati mmoja ana chakula na silaha, na mwingine ana njaa. Hata hivyo, kitu kimoja cha wageni hao kilibaki na kikawa mali ya wote: Kiswahili. Mpaka leo Mhema, Mlendu, Mbira, Mlese na Mnande wanapopatana bei sokoni, wengi wanatumia lugha hiyo.

Kunako mwaka 1903 dhahabu ilipatikana Kilo. Migodi ya Kilo-Moto ikahitaji maelfu ya wafanyakazi, na wafanyakazi wakahitaji kula. Serikali ya Wabelji iliwaagiza machifu watoe watu na chakula. Toka 1910 kulikuwa kodi ya kichwa ya kulipwa kwa pesa, na mwaka 1917 ikaja amri ya kulima kwa lazima. Mkulima ambaye zamani alienda sokoni kutafuta alichokosa, sasa alienda kutafuta franga za kodi. Barabara zilipochongwa, vituo kama Irumu, Bunia na Komanda vilikua kwa sababu magari na mizigo vilipita hapo.

Kasenyi, kwenye ukingo wa Ziwa Albert, ilipata nafasi yake pia. Kuanzia miaka ya 1930 meli Robert Coryndon ilileta abiria na mizigo kutoka Butiaba, Uganda, mpaka ilipozama mwaka 1964. Samaki wakavu na wa chumvi walipanda mlima kuelekea Bunia na migodini. Bunia yenyewe ilikuwa na maduka ya Wagiriki na Wahindi. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Maduka mengi ya nchi yalibaki matupu baada ya muda mfupi. Lakini mama mwenye fungu la sombe na beseni la maharagwe hakuwa na duka la kunyang'anywa. Aliendelea kuuza, na miji ikaendelea kula kwa jasho lake.

Vita iliyoanza Djugu mwaka 1999 ilifanya kitu ambacho kodi haikufanya: ilikata watu wasikutane. Vizuizi viliwekwa njiani, na mtu aliulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa anauza nini. Mwezi wa tano 2003 Bunia iliporwa. Mwezi uliofuata askari wa Ulaya, wakiongozwa na Wafaransa, waliingia mjini. Polepole watu walianza tena kuuziana. Mwaka 2018 maelfu ya watu wa Djugu walivuka Ziwa Albert kukimbilia Uganda, juu ya maji yaleyale yaliyoleta chumvi ya Kibiro.

Kisha zamu ya Komanda ikafika. Toka 2021 kuna nyakati ambapo magari ya Komanda na Luna yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa saba 2025, waasi wa ADF walishambulia waamini waliokuwa kanisani Komanda. MONUSCO ilihesabu watu 43 waliouawa, kati yao watoto 9. Nyumba na maduka yalichomwa. Familia nyingi ziliondoka na vile walivyoweza kubeba kichwani.

Nchi nyingine zimeona pia masoko yao yakianguka. Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, kuna soko la Dong Xuan, lililojengwa wakati wa Wafaransa, mwaka 1889. Mwaka 1947 watu walipigana ndani yake wakati wa vita ya kudai uhuru, na mwaka 1994 liliteketea kwa moto. Lilijengwa upya, na leo wageni wanatoka mbali kulitazama. Wenyeji wa Hanoi hawakungoja ukuta mpya ndipo waanze kuuziana.

Ituri inafanana na hayo. Kila mara soko liliporudi, halikuanza na jengo. Lilianza na wanawake wachache waliotandika gunia chini, kwa siku iliyojulikana, kwenye njia iliyopitika. Kwenye kambi za wakimbizi wa ndani mambo ni yaleyale: fungu la makala hapa, mafungu matatu ya samaki wadogo pale, chumvi iliyopimwa kwa kijiko.

Kinachoweza kupotea ni kumbukumbu. Zamani kila kituo kilikuwa na siku yake ya soko, na mchuuzi alijua leo aende wapi na kesho wapi. Mtoto aliyekulia kambini anajua bei ya makala, lakini pengine hajui soko la kijiji chake linajaa siku gani, nani alileta asali, wala njia gani ilishuka ziwani. Wazee wanaojua bado wapo. Jioni moja ya mazungumzo inatosha kumpa mtoto ramani ya nyumbani, ili siku barabara itakapofunguka ajue aende wapi na gunia lake.