Mpelelezi ni nani?

Anayefuata nyayo za mwuaji ni mpelelezi. Anayeiba siri za nchi jirani naye ni mpelelezi. Kiswahili kimewavika watu hawa wawili kanzu moja, na msomaji wa riwaya za uhalifu hulazimika kuwapambanua mwenyewe.

Mchukue Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni. Hana cheo cha polisi wala bastola ya kuonyesha. Kazi yake kubwa ni kusikiliza na kuuliza, kisha kukataa maelezo ya mashetani ambayo wengine wameshayameza. Kwake yeye, kupeleleza ni kufikiri.

Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), anatumwa na serikali, anapigana, anakimbizana na maadui. Huyo magazeti yangemwita kachero, na mimi ningeyaunga mkono: neno hilo lina harufu ya ofisi isiyo na kibao mlangoni. Askari kanzu, kwa upande wake, ni polisi tu aliyeacha sare nyumbani.

Wapo wanaoziweka riwaya hizi chini ya “fasihi hasa”, eti ni za kupitishia muda. Nawapinga. Ukishamaliza kumsoma Msa, fungua Nagona, riwaya ya Kezilahabi ambayo wao huiita fasihi hasa: hakuna maiti inayodai haki wala pingu, lakini mhusika anatafuta, anauliza, anababaishwa na majibu. Sijui kwa nini naye tusimwite mpelelezi.