Feni ya rejeta

Feni ya rejeta ni kifaa kinachovuta hewa kupitia rejeta ili kupoza maji ya injini, hasa gari linapokwenda polepole au kusimama, kwa kuwa katika mwendo wa kasi upepo wa safari kwa kawaida hutosha. Feni ya mkanda huzungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ambayo hukaza joto linapopanda. Haihitaji umeme, lakini hula nguvu ya injini, kwani mzunguko ukiongezeka mara 2, nguvu inayohitajika huongezeka takriban mara 8. Feni ya umeme huwashwa na sensa ya joto na haitegemei kasi ya injini, sifa inayoifanya ipendelewe katika magari ya michezo ya sasa, ingawa huilemea altaneta.

Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, lilitoka kiwandani na feni ya mkanda. Katika njia za mchanga na tope za Ngarambe na Kibiti, mkoani Pwani, feni ya umeme ina faida ya kuweza kuzimwa kwa swichi kabla ya kuvuka maji, ilhali mapanga ya feni ya mkanda yakipiga maji huweza kupinda na kutoboa rejeta. Hata hivyo, mkanda uliokatika hubadilishwa kwa spana chache njiani. Mota iliyoungua husubiri fundi umeme.