SMS ya herufi 160: jinsi Kiswahili cha Kasongo kilivyopata nafasi

Kila Desemba 3 magazeti ya Ulaya hukumbuka SMS ya kwanza, salamu ya Krismasi ambayo kijana Neil Papworth aliituma kutoka kwenye kompyuta mwaka 1992 kwenda kwenye simu ya Richard Jarvis wa Vodafone. Huku Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, siku hiyo hupita kimya, ingawa ni huku, penye rezo ya simu ya kuvizia, ndiko SMS bado ina kazi. Mtu wa kabini ya kutuma pesa kwa simu anaweza kuapa kwamba pesa zimeondoka. Mpokeaji haamini mpaka simu ilie.

Ujumbe wa SMS una kipimo chake: herufi 160. Kipimo hicho kilizaliwa Bonn mwaka 1985, nyumbani kwa mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand. Kama alivyolisimulia gazeti la Los Angeles Times mwaka 2009, aliketi mbele ya mashine ya chapa akapiga sentensi zozote zilizomjia, maswali na habari, akihesabu kila herufi, kila nukta na kila nafasi. Karibu zote ziliishia chini ya 160. Rafiki yake alikuwa amembishia: urefu huo, alidai, hautawatosha watu wa kawaida. Hillebrand akatafuta ushahidi zaidi. Akatazama postikadi, akakuta nyingi hazifiki herufi 150. Akatazama ujumbe wa teleksi, nao ulikuwa mfupi vilevile. Hoja yake ikapita.

Ubanaji wenyewe ulitokana na uhaba. SMS ilidandia njia ambayo simu na mnara hutumia kupeana ishara, na humo ilipata baiti 140 tu. Kwa kawaida ya kompyuta, herufi moja hula biti 8, kwa hiyo zingeingia 140 basi. Wahandisi wakaipunguza kila herufi iwe biti 7, wakazisukuma zikae bila mwanya, herufi 8 ndani ya baiti 7. Fanya hesabu: 160 mara 7 ni 1,120, na 140 mara 8 ni 1,120.

Ila biti 7 hutoa nafasi 128 tu, na hapo ndipo ugomvi wa nani aingie. Kamati iliyochagua herufi ilikuwa ya Wazungu watupu, na jedwali lao linajieleza. Wagiriki walipata herufi kubwa 10. Zile zinazofanana na za Kilatini ilibidi waziazime. Wafaransa walipewa é, è na à, wakanyimwa ê na ô. Kituko kikubwa ni cha ç: iliyoandikwa kwenye jedwali ni Ç kubwa, ndogo ikabaki nje. Katika nchi ambayo Kifaransa ndiyo lugha ya serikali, hiyo maana yake "reçu", neno lenyewe la kutangaza kwamba pesa zimeingia, haliandikiki sawasawa. Ndiyo maana mara nyingi linatufikia bila mkia. Anayeng'ang'ania mkia hulipa, kwa kuwa alama moja tu iliyo nje ya jedwali huhamisha ujumbe mzima kwenye biti 16 kwa kila herufi, na 160 hushuka hadi 70.

Kiswahili kilipita mlangoni bila kuulizwa kitu. Hakina kofia wala mkia. Lakini shukrani zisiende Bonn. Katika Kasongo ya Sefu bin Hamed, kabla jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis halijauteka mji tarehe 22 Aprili 1893, barua ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kiswahili nazo zimo. Baba yake Sefu, mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa herufi hizohizo. Tungebaki nazo, leo tungekuwa watu wa herufi 70. Mtego uliobaki ni ritifaa ya "ng'ombe": iliyonyooka imo kwenye jedwali, iliyopinda, ambayo simu za kisasa huipachika zenyewe, haimo.

Ujanja ninaouheshimu kuliko wote ulikuja na sarafu ya yuro. Jedwali lilikuwa limejaa, na simu za zamani zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Wahandisi wakatumia alama moja ya kuashiria kwamba inayofuata isomwe kwenye jedwali la pili. Kisha wakapanga nafasi kwa akili: € ikakaa mahali pa e, [ mahali pa <. Simu isiyojua lolote huonyesha nafasi tupu na e, na ujumbe unaendelea kusomeka. Programu zinazobeba mikondo ya miamala leo, zikitumia miundo ya data kama Protocol Buffers, iliyotolewa hadharani mwaka 2008, na Avro ya 2009, zinafuata busara ileile: msomaji wa zamani akikuta asichokijua, akiruke aendelee.

Mwaka 2008 Kituruki kilipata jedwali lake, kisha lugha za India. Lingala yenye ɛ na ɔ haijapata.

Kwa hiyo kampuni za simu hazina kisingizio cha kutuandikia Kifaransa huku Maniema. Kiswahili kinaenea katika SMS moja, na mama wa sokoni Kabambare anakielewa bila kumwita mtoto wa shule amsomee. ARPTC, mamlaka inayozisimamia, izitake ziandike ujumbe wa pesa kwa Kiswahili.