Hoki ya barafu: kumbo ruksa, kichwa usiguse

Wadau, kila klipu ya hoki ya barafu ikipita mtandaoni swali ni lile lile: huu ni mchezo au ngumi za mtaani? Jibu langu ni kwamba ni mchezo, ila ngumi zimo. Leo naweka maelezo yake hapa, halafu mwishoni natoa msimamo wangu. Twende kazi.

MCHEZO WENYEWE

Ligi kubwa kuliko zote ni NHL ya Kanada na Marekani, iliyoanzishwa 1917 na yenye timu 32. Kila timu inaingiza watu 6, kipa akiwemo, na mechi ina vipindi 3 vya dakika 20. Uwanja ni barafu ya kama mita 61 kwa 26, umezungushiwa ukuta. Badala ya mpira wa duara kuna kisahani kigumu cha gramu kama 170, na viatu vina vyuma vyenye makali chini. Sasa vuta picha jamaa wa kilo 90 anateleza kwa kasi kukufuata, na nyuma yako ni ukuta...

KUMBO NI HALALI

Mwenye kisahani unaruhusiwa kumpiga kumbo ili umnyang'anye. Ni kama beki anavyotumia bega kwenye soka, ila hapa nguvu ni maradufu. Kumsukuma kwa nyuma aliyeelekea ukutani ni kosa. Kupigana ngumi nako ni kosa, lakini adhabu yake ya kawaida ni kukaa nje dakika 5, kisha unarudi kucheza! Kwenye soka hapo ungekuwa umeshaoga.

SHERIA ZINAKUJA MTU AKISHAUMIA

1959: Kipa Jacques Plante wa Montreal alipasuliwa uso na shuti. Akagoma kurudi uwanjani bila kinyago, ingawa kocha wake hakukipenda. Baadaye makipa wote wakaiga.

1968: Bill Masterton wa Minnesota aligongwa, akaanguka na kupiga kichwa kwenye barafu. Hakuwa na helmeti. Siku 2 baadaye alifariki. Helmeti ikawa lazima 1979, tena kwa wachezaji wapya tu. Miaka 11 jamani!

2010: Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga Marc Savard wa Boston kichwani, akitokea upande ambao Savard hakuuona. Cooke hakufungiwa hata mechi moja, maana hakukuwa na sheria ya kumfungia. Ndipo ikaja Kanuni ya 48 ya kulinda kichwa. Savard alicheza mechi yake ya mwisho Januari 2011.

2011: Nyota Sidney Crosby (ndiye yule aliyecheza na vijana wa Kenya Ice Lions kwenye tangazo la 2018) aligongwa kichwa mara mbili ndani ya wiki moja. Ubongo ulitikisika, akakaa nje hadi Novemba. Yeye alirudi na kutwaa kombe 2016 na 2017. Mwaka huo huo wa 2011 NHL iliunda idara ya usalama wa wachezaji, inayotoa adhabu na kuzieleza kwa video.

2023: Adam Johnson alifariki mechini Sheffield, Uingereza, baada ya chuma cha kiatu kumkata shingo. Mwaka 2025 NHL na chama cha wachezaji walikubaliana kinga ya shingo iwe lazima kwa wachezaji wapya kuanzia msimu wa 2026-27.

UPANDE WA PILI

Wanaopinga sheria kali wana hoja zao. Wanasema ukiondoa kumbo unabaki na mchezo mwingine kabisa. Hapo nakubaliana nao. Wanasema pia ngumi zinaleta adabu: ukimchezea rafu nyota wetu, utakutana na mbabe wetu. Hapo hapana. Derek Boogaard alikuwa mbabe wa namna hiyo. Alifariki 2011 akiwa na miaka 28 tu, kwa pombe iliyochanganyika na dawa kali za maumivu. Wataalamu wa Boston waliochunguza ubongo wake walikuta ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Mwaka 2018 NHL ilikubali kuwalipa wachezaji wa zamani zaidi ya 300 kama dola milioni 19, bila kukiri kosa.

MSIMAMO WANGU

Kanuni ya 48 haikuua mchezo. Kumbo zipo na mashabiki bado wanapiga kelele, kilichobadilika ni mahali pa kupiga. Kwa hiyo kumbo ibaki, ila anayelenga kichwa afungiwe mechi nyingi, na anayerusha ngumi atoke mechi nzima. Bega likiteguka linarudishwa, ubongo hauna spea. Na wasisubiri tena mtu afe ndipo waandike sheria.

Wewe unaonaje, ngumi zibaki au ziondoke? Shusha maoni yako hapo chini, ila bila matusi!