Ganzi Ikiisha Saa Nane za Usiku

Wiki hii siasa tuziweke kando. Nataka tuongee kuhusu mguu wangu, halafu mguu wangu utupeleke hadi 1884.

Nilianguka nikishuka matatu pale Kangemi, mvua ikinyesha, kifundo cha mguu kikavunjika. Nikafanyiwa upasuaji katika hospitali moja huku tao. Hawakunipa nusukaputi. Daktari wa ganzi alinidunga nyuma ya goti, karibu na mshipa wa fahamu, na baada ya muda mguu ukawa kama gogo la mtu mwingine. Nilisikia drili ikitoboa mfupa, lakini uchungu sikuhisi hata kidogo. Jioni nikaruhusiwa kwenda nyumbani, nikapanda ngazi za ploti kwa makalio huku nikicheka. Mathe akaniletea tembe za maumivu, nikamwambia, "Mum, zikae tu, mimi niko sawa."

Saa nane usiku ganzi ikaisha. Enyewe, sijawahi kulia hivyo tangu niwe mtu mzima. Na tembe huchukua muda kufanya kazi, kwa hivyo nilingoja nikiuma kona ya mto. Hakuna mtu hospitalini aliyekuwa ameniambia kwamba saa hiyo itafika.

Sasa, nikiwa nimekaa na plasta wiki kadhaa, nikaanza kusoma hii kitu ilitoka wapi. Mwaka wa 1884, Karl Koller, daktari kijana wa Vienna, aligundua kwamba matone ya kokeini yanalifisha jicho ganzi kiasi cha kulipasua mgonjwa akiwa macho. Muda si muda William Halsted wa New York akaanza kuidunga karibu na mishipa ya fahamu, wazo lile lile lililotumika nyuma ya goti langu. Halsted na wenzake walijijaribia wenyewe. Kokeini ikamshika, akawa mraibu.

Kisha kuna hadithi ya August Bier, mji wa Kiel, Ujerumani, Agosti 1898. Bier alimdunga msaidizi wake Hildebrandt dawa mgongoni, halafu akampiga nyundo ya chuma kwenye muundi na kumchoma kwa sigara kubwa. Hildebrandt hakuhisi kitu. Wakafurahi, wakala, wakanywa divai. Baadaye Hildebrandt akashikwa na kichwa na kutapika, na miundi yake ikawa na alama za kipigo na maumivu. Nilipofika hapo nilicheka hadi mguu ukauma. Huyo ni mimi kabisa! Sherehe jioni, kilio usiku.

Dawa zikaendelea kuboreshwa. Lignokaini ilitengenezwa Uswidi mwaka wa 1943, na bupivakaini huko huko mwaka wa 1957. Bupivakaini ikiwekwa karibu na mshipa wa mguu inaweza kukaa saa 12 hadi 24. Lakini angalia vizuri: kila hatua watu walisifu ganzi inavyoingia. Inavyotoka ilibaki shida ya mgonjwa akiwa kwake.

Na si kwamba huku kwetu hakukuwa na upasuaji. Mwaka wa 1879, Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia mama akipasuliwa tumbo kutoa mtoto huko Bunyoro, Uganda ya leo. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Felkin alichapisha habari hiyo 1884, mwaka ule ule wa Koller. Kilichonigusa ni kwamba hakuishia mtoto alipotolewa. Aliandika hali ya mama baada ya saa moja, na siku zilizofuata, hadi siku ya 11 kidonda kilipokuwa kimefunga. Yaani, habari za mgonjwa hazikuisha kisu kilipowekwa chini.

Tukirudi Nairobi, woga ule ulioanza na kina Halsted bado tunao. Sheria yetu ya mihadarati ya 1994 iliandikwa zaidi kupambana na walanguzi, na mofini ikaingia kwenye kapu hilo hilo. Nairobi Hospice, jirani ya Kenyatta, imekuwa ikihudumia wagonjwa wenye maumivu makali tangu 1990, lakini hata 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoumia bila dawa hiyo. Ongeza na msemo wetu wa "jikaze". Tumelelewa kuona kwamba anayeomba dawa ya maumivu ni mdhaifu au anatafuta stimu.

Msimamo wangu ni huu: ganzi ya mshipa ni kitu kizuri, na nikivunjika tena nitaiomba. Lakini kumwambia mgonjwa "itaisha usiku, anza dawa kabla haijaisha" hakuhitaji mashine wala bajeti. Kunahitaji dakika mbili.

Kwa hivyo kabla hujatoka hospitalini, uliza: ganzi itaisha saa ngapi? Nimeze nini, na nianze lini? Nipigie nani usiku? Weka alamu, lala mguu ukiwa juu ya mto. Na ukiona maumivu yanazidi hata baada ya dawa, vidole vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, au ganzi imekataa kuisha, usijikaze. Rudi hospitali hiyo hiyo saa.

Mathe bado ananicheka kwa ile "mimi niko sawa". Na wewe uliyewahi kupasuliwa, uliambiwa saa, ama ulijionea tu kama mimi?